Hita ya Munyakazi

Munyakazi aliulizwa swali moja tu asubuhi ile, naye akalijibu upesi kama mtu anayefukuza nzi.

"Gari lako lina hita?"

"Lina hita, Sista."

Aliyeuliza ni Cécile, muuguzi wa zahanati ndogo iliyokuwa juu ya kilima cha Kinyinya, mwanamke mwembamba ambaye hakuwa amelala siku mbili na macho yake yalikwisha kuingia ndani. Mikononi alishika katoni ya sabuni. Ndani ya katoni alikuwa ametandika pamba nene, na pembeni amepanga chupa nne za soda zilizojaa maji ya moto, kila moja imevikwa soksi. Katikati ya zile chupa alilala mtoto wa kike, binti wa Munyakazi, aliyezaliwa jana jioni miezi miwili kabla ya siku zake. Mizani ya zahanati ilisema kilo moja na gramu mia nne. Uso wake ulikuwa mdogo kama ngumi ya mtoto mwenzake, na ngozi ya mapajani ilikuwa imelegea kama suruali ya kuazima.

"Nisikilize vizuri, baba mtoto," Cécile alisema. "Huyu hana mafuta mwilini. Akipoa, atasahau kupumua. Usinitazame hivyo, wanasahau kweli. Hapa sina mashine, na gari letu limepeleka dawa kwenye kambi ya waliokimbia vita. Chupa hizi zitashika moto nusu saa, si zaidi. Baada ya hapo ni hita ya gari lako mpaka hospitali kubwa. Kama haina nguvu, niambie sasa."

"Ipo, Sista. Itafanya kazi."

Nje mvua ya mawe ilikuwa imepiga alfajiri. Mawe yenyewe yalikuwa bado meupe kwenye mfereji wa maji, na ukungu umekaa juu ya migomba kama moshi usio na moto. Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka tisini na tatu. Amri ya kutotembea usiku ndiyo iliyowafunga pale mpaka kulipopambazuka. Munyakazi alikuwa ameupitisha usiku kwenye benchi akimsikiliza mkewe, Vestine, akiugulia nyuma ya pazia. Vestine alikuwa amepoteza damu nyingi, hawezi kuinuliwa kitandani.

"Nenda na Mama," Vestine alimwambia kwa sauti ya karatasi. "Usigombane na mtu njiani."

Munyakazi hakuwa mwongo. Hita ilikuwepo, na kitufe chake chekundu kilikuwepo, na feni yake ilizunguka. Ila uchovu ulikuwa umemfunika akili, na jambo moja alilolijua kuliko mtu yeyote Kigali nzima halikumjia kichwani hata kidogo.

Jambo lenyewe ni hili. Katika kila injini kuna kidude cha shaba, ukubwa wake kama kizibo cha chupa ya chai, mafundi hukiita themostati. Kazi yake ni kuyazuia maji ya injini yasikimbilie kwenye rejeta kupozwa kabla hayajapata moto. Maji yakiwa baridi, kinajifunga. Yakipata moto, kinafunguka, kama bawabu anayejua nani apite na nani angoje. Basi, kule Bukavu alikojifunzia kazi Munyakazi, na kwenye gereji yake mwenyewe ya wazi karibu na kiwanda cha Sonatubes, kila gari lililoletwa kwa ugonjwa wa kuchemsha lilipewa dawa hiyo hiyo: kidude kile kilitolewa kikatupwa. "Hicho ni cha Wazungu wa theluji," alikuwa akiwaambia wateja. "Sisi huku chatufaa nini?" Wateja walishukuru, magari hayakuchemsha tena. Lake mwenyewe, Pejo nyeupe kuukuu aliyoinunua kwa mapadri, alilitoa kidude siku ya kwanza, kabla hata ya kubadilisha oili. Tangu siku hiyo hakuwahi kuwasha hita. Nani awashe hita Kigali?

Wakatoka. Nyuma alikaa mama mkwe wake, Nyiransabimana, mjane wa miaka sitini na kitu, katoni magotini, shuka mbili mabegani. Na hapa lazima ijulikane jinsi watu hawa wawili walivyoishi. Munyakazi alikuwa ameoa miaka minne, na katika miaka hiyo minne hakuwahi kutafuna chakula mbele ya mama huyu, wala yeye mbele yake. Ukwe ni heshima, na heshima ile ilikuwa na ukuta. Walisalimiana macho chini. Walipokuwa na neno la kuambizana, Vestine ndiye aliyelibeba huku na huku. Leo Vestine hakuwepo, basi Nyiransabimana akamtuma mjukuu.

Gari lilipoanza kuteremka, feni ikapuliza.

"Mjukuu wangu," alisema akiinamia katoni, "mwulize baba yako huu upepo anaotupulizia ni wa nini. Miguu yangu imekuwa ya kuku wa sokoni."

"Mwambie bibi injini haijapata moto," Munyakazi akajibu, macho barabarani. "Dakika tano tu."

Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu uliolainika. Gari liliteleza kidogo kila kona, na yeye aliushika usukani kama mtu anayemwongoza mlevi nyumbani. Njia fupi ya Kacyiru ilikuwa imekatwa na maji, kwa hiyo ilibidi washuke bondeni, wapande Nyarutarama, watokee Remera. Alitazama mshale wa joto la maji. Ulikuwa umelala chini kabisa, haujatikisika.

Dakika tano zikapita. Zikapita kumi. Feni ilikuwa ikivuma, na kilichotoka kwenye matundu ni upepo wa kisimani.

"Mjukuu wangu, dakika tano za baba yako ni ndefu kama kwaresima."

"Mwambie bibi tunateremka. Gari likiteremka halifanyi kazi, na lisipofanya kazi halipati moto. Tukianza kupanda..."

Hapo maneno yakamkatikia mdomoni. Alikuwa ameyasema kama fundi, na fundi ndani yake akaamka. Aliona maji yakitoka kwenye injini, hayana bawabu wa kuyazuia, yakienda moja kwa moja kwenye rejeta, na rejeta imekabili upepo wa baada ya mvua ya mawe. Yatapoa kila yakipita. Yatazunguka hivyo hivyo mpaka hospitalini, mpaka kesho. Mfinyanzi hulia gaeni, lakini hili lake halikuwa gae la kulia chakula.

Alizima feni.

"Mbona umezima?" Nyiransabimana aliuliza. Hakumtaja mjukuu safari hii. Kisha, akipapasa ndani ya katoni: "Chupa zimepoa. Hii imepoa, na hii. Kucha zake zinageuka rangi."

Walikuwa wamefika bondeni, mahali penye tanuri za matofali na mashamba ya viazi vitamu. Munyakazi alisimamisha gari kando, akavuta breki ya mkono, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili. Shingo yake haikugeuka.

"Mama," akasema.

"Sema."

"Hita haitafanya kazi. Kosa ni langu. Kuna kitu nilikitoa kwenye injini, zamani."

"Ukakitolea nini?"

"Tulidhani huku hakuna baridi."

"Mlidhani wewe na nani?"

Nje matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mikaratusi juu ya paa la gari, to, to, to.

"Mama, nakuomba jambo ambalo mkwe haombi." Sauti yake ilikuwa kavu. "Mtoto atolewe kwenye katoni. Awekwe kifuani kwako. Kwenye ngozi, Mama, si juu ya nguo. Mimi sitageuka. Nitakigeuza hiki kioo kitazame paa."

Munyakazi alifumba macho. Alijua anasema na nani: mama ambaye hata kichwa chake hakuwahi kukiona bila kitambaa.

"Unafikiri sikulijua hilo?" Nyiransabimana alisema hatimaye, polepole. "Mimi nimewalea mapacha wa dada yangu hivyo hivyo, wiki sita, msimu wa mvua. Nilitaka kumshika tangu kule juu. Sista alipouliza ukasema hita ipo, nikanyamaza. Nikajiambia, ashukuriwe Mungu, sitavua nguo mbele ya mkwe. Basi tumekosa wote wawili. Geuza kioo chako."

Akakigeuza. Akasikia vifungo, kimoja, kingine. Akasikia shuka likitandazwa. Akamsikia mama akivuta pumzi kwa ghafla, kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Mungu wangu. Huyu ni baridi kama chura."

"Anapumua?"

"Anapumua. Kidogo kidogo, kama anayetuibia. Endesha!"

"Nipe katoni, Mama. Ipitishe hapa pembeni, sitageuka."

Katoni ikapita juu ya kiti, na pamba yote akabaki nayo mama. Munyakazi alishuka na kisu chake na waya. Alifungua boneti, akaichana ile katoni, akaikunjua bapa, akaisukuma mbele ya rejeta mpaka ikaziba matundu yote, akaifunga kwa waya juu na chini. Bawabu hayupo, basi mlango wa upepo ufungwe wote. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, waya ukamkata mara mbili. Aliliona jambo hili lilivyo jepesi, kazi ya dakika tatu, na hasira aliyojionea mwenyewe ilikuwa ya kutapisha. Lakini hasira nayo inataka nguvu, na nguvu hakuwa nazo. Akarudi kwenye usukani.

Kupanda Nyarutarama alipanda kwa gia ya kwanza, akilikamua gari mpaka likaunguruma kama ng'ombe anayezaa.

"Unaliua gari lako!" mama mkwe akapiga kelele.

"Acha life, Mama. Likilia ndivyo linavyopata moto."

"Na shingo yako iache mbele. Nikiiona inageuka nitaichapa."

"Siigeuzi. Hata mbuzi wa barabarani siwaoni."

"Hao waone!"

Akacheka, na kicheko kikamtoka kama kikohozi. Nyuma naye mama alitoa mguno ambao ungeweza kuwa kicheko, kisha akaanza kumwimbia mtoto kwa sauti ya chini, wimbo usio na maneno, akimpapasa mgongo kwa kidole kimoja ili asisahau kazi yake ya kupumua.

Katikati ya mlima mshale ukatikisika. Ukanyanyuka upana wa unywele, ukatulia, ukanyanyuka tena. Munyakazi aliwasha feni. Kwanza ilitoka harufu: vumbi lililoungua na kiota cha panya wa siku nyingi. Halafu, kwa aibu, ukatoka upepo usio baridi. Haukuwa wa moto. Ulikuwa kama pumzi ya mtu aliyesimama karibu nawe.

"Inakuja, Mama."

"Naisikia miguuni. Iache ije."

Karibu na uwanja wa Amahoro, Remera, kulikuwa na kizuizi: gogo juu ya mapipa mawili, magari saba kwenye foleni. Askari kijana, koti lake limelowa hadi mabegani, alikuwa akipita dirisha kwa dirisha.

"Zima gari. Vitambulisho."

"Afande, nakuomba nisizime. Nina mtoto mchanga, hita ndiyo kwanza inaanza..."

"Zima."

Akazima. Joto lile dogo lilianza kuondoka hapo hapo. Ulilisikia likiondoka, kama mgeni anayeaga bila kukaa. Askari akachukua vitambulisho, akavisoma, akavirudisha, akafungua mlango wa nyuma. Baridi ikaingia nzima nzima.

"Mama, umeficha nini ndani ya shuka?"

Munyakazi alikodolea macho usukani. Alikuwa tayari kusema, hajui atasema nini, lakini Nyiransabimana alimtangulia. Sauti yake haikuwa na woga wala ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka tu.

"Nimeficha mjukuu. Hajatimiza hata siku moja. Ukitaka kumwona njoo umwone, lakini ingia ukafunge mlango nyuma yako, maana ukiacha wazi hivyo utakuja kutazama maiti. Nawe mama yako alikubeba kifuani hivi hivi, mwanangu. Haya, ingia."

Kijana alibaki ameinama pale mlangoni. Kutoka ndani ya shuka ikatoka sauti, nyembamba kama bawaba inayotaka mafuta. Askari akarudi nyuma hatua moja. Akaufunga mlango kwa mikono miwili, taratibu, jinsi watu wanavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa, akapiga paa la gari mara mbili.

"Washa! Washa, mzee, pita pembeni. Wewe kule mbele, sogeza gogo!"

Kutoka Remera hadi mjini ni lami. Pejo ilikwenda na katoni yake kifuani, mshale ukafika robo, upepo ukawa wa vuguvugu. Joto halikupita hapo. Miguu ya Munyakazi ilipata joto, mabega ya mama mkwe hayakupata. Hivyo hivyo wakafika lango la hospitali.

Muuguzi wa chumba cha watoto aliitwa Spéciose, mwanamke mpana mwenye sauti ya sokoni. Aliingiza mkono ndani ya shuka la Nyiransabimana, akampachika mtoto kipimajoto kwapani, akangoja midomo ameibana.

"Thelathini na nne na nusu," akasema. "Ni kidogo. Nani kamweka kifuani?"

"Mimi."

"Ndiyo maana bado tunaye. Sasa nisikilizeni. Mashine za joto ninazo mbili, na watoto ninao wanne. Wawili wawili wamelala kama viatu sandukuni. Wa kwenu lazima abaki kifuani, usiku na mchana. Lakini si kwako, bibi. Tazama midomo yako. Unatetemeka. Umempa joto lako lote, na sasa ni wewe unayeanza kumnyonya lake. Mama yake yuko wapi?"

"Kinyinya. Hawezi kuinuka."

"Baba?"

Munyakazi alikuwa amesimama mlangoni, mgongo wake umewaelekea, kama alivyoahidi. Aliposikia anaitwa alidhani ni baba mwingine.

"Mimi mikono yangu ina oili, Sista."

"Nimeomba mikono? Nimeomba kifua. Nenda kanawe, vua shati, kaa pale."

Alinawa mara tatu kwa sabuni ya kipande. Weusi ulitoka vidoleni, ukabaki kwenye kucha na mikunjo, mahali ulipokaa miaka kumi na mitano. Akavua shati. Nyiransabimana, aliyekwisha kufunga vifungo vyake vyote mpaka cha shingoni, aligeuza uso ukutani kwa adabu. Spéciose akamchomoa mtoto kwenye shuka alilokuwa amezungushiwa, akamtua kwenye kifua cha baba, akawafunga pamoja kwa kitenge, akakaza fundo mgongoni kama anayefunga mzigo wa kuni.

Munyakazi alishtuka. Hakuwa amemshika binti yake hata mara moja tangu azaliwe. Alitegemea mtoto, akapata kitu kisicho na uzito, baridi, chenye mifupa ya kifaranga, na nywele zilizomkuna shingoni. Alitaka kumwomba radhi lakini hakujua mtu mdogo namna ile anaombwaje.

"Mpaka lini, Sista?"

"Mpaka mkeo aweze kuja. Siku tatu, siku nne. Bibi mtapokezana naye akishakula uji akapata joto. Usiinuke. Usilale. Akinyamaza sana, mguse mgongo."

Akaondoka, viatu vyake vikipiga sakafu. Nyiransabimana aliletewa uji kwenye kikombe cha bati. Alikishika kwa viganja viwili, akamtazama mkwe wake upande, akakitazama kikombe, njaa ikashinda. Akanywa pale pale, kwa sauti. Kikombe kilipokwisha alikuwa amelala kwa kukaa, kinywa wazi, kitambaa kimeteleza nyuma na mvi zote nje. Munyakazi hakugeuka upande wa pili. Hakuwa na nguvu ya kugeuka.

Gereji ilikuwa na magari manne yakimsubiri. Yangoje tu. Mgongo ulimuuma tangu kiunoni, macho yalikuwa na mchanga, na kila alipopepesa yalitaka kubaki yamefungwa. Aliuhesabu ukuta: vigae ishirini na sita kwa upana, viwili vimepasuka. Baada ya muda asioujua, alihisi kwenye tumbo lake nyayo mbili, kila mmoja mdogo kama kidole gumba, zikimsukuma, na hazikuwa baridi kama mwanzo. Zilikuwa za vuguvugu. Labda. Hakutaka kuamini upesi.

Akaegemeza kichwa ukutani. Hakulala. Kila kifua kile kidogo kilipotua juu ya chake, naye alishika pumzi akangoja, mpaka kikapanda tena. Ndipo naye akavuta yake.